Upana wa Barabara

Tuliununua mtumbwi kwa dola themanini
kwa mama mmoja wa Barrie aliyekuwa akihama;
mwekundu, wa plastiki, umepauka ubavu mmoja,
jina la mumewe wa zamani limekwanguliwa kwa msasa
lakini jua likiupiga bado unalisoma: Vernon.
Tukaufunga juu ya gari kwa kamba ya kuanikia,
Wakesho akaushikilia kupitia dirishani
kana kwamba mkono wa mtoto wa miaka tisa
ungezuia kitu.

Maji yapo. Ziwa Simcoe limejaa pomoni,
unaliona katikati ya nyumba na nyumba
kama ulimi kwenye pengo la meno.
Ila kila hatua ya ufuo ina mwenyewe
na mwenyewe ana kibao:
Mali ya mtu. Usipite. Kamera inakuona.

Pale bandarini pana mteremko wa saruji.
Kijana wa kibandani akauliza tunakoishi.
Mkazi bure, mgeni dola hamsini.
Nikamwambia, mimi nafanya kazi hapa hapa,
usiku nawageuza wazee wenu vitandani,
migongo yao naijua kuliko nyinyi.
Akasema pole, mama, kitambulisho kinasema Barrie.
Hakuwa mbaya. Alikuwa na chunusi na kitabu cha risiti.

Ziwa halina mwenyewe, ndivyo sheria isemavyo.
Kweli, ukishafika katikati hakuna wa kukuuliza.
Kazi ni zile hatua tano za kufika.
Mimi hatua tano hizo nimewahi kuzikalia miaka minne,
namba ya foleni mkononi.

Bwana Haverstock wa chumba cha kumi na mbili,
mpima ardhi kabla miguu haijamgomea,
ndiye aliyenichorea kwenye leso ya karatasi.
Barabara za zamani, alisema, zilipimwa hadi majini.
Barabara haina habari kwamba ziwa limeanza.
Watu wamepanda miti juu yake, wameegesha mashua zao,
lakini chini ya hayo yote ni njia ya umma,
futi sitini na sita.
Akaandika 66, akaipigia mstari mara tatu,
akaomba maji ya kunywa, akalala.

Jumapili tukaenda na leso yetu.
Mtaa unaishia kwenye mierezi
na jiwe kubwa lililotupwa pale makusudi.
Mwanamke aliyekuwa akinyweshea maua akasimama,
mpira ukimwagia viatu vyake.
Sikumwambia neno. Nilitafuta kigingi cha chuma,
nikakipata, kimezama kwenye nyasi kama jino bovu,
nikahesabu hatua ishirini na mbili kwa sauti.
Wakesho akashika mkia, mimi kichwa,
tukapita kando ya jiwe.

Mimi ni mtoto wa Mwatate. Kwetu maji
yalikuwa na kufuli, na kufuli lilikuwa na mama Mghoi,
na mama Mghoi alikuwa na siku zake.
Kuogelea nimejifunza na miaka thelathini na minane
kwenye bwawa linalonuka dawa,
mwalimu wangu mtoto wa sekondari.
Filimbi ninayo. Kamba ya mita kumi na tano ninayo.
Koti la kuelea linanibana matiti.

Baridi ikanishika vifundo kama mdai.
Tulipiga kasia ovyo, tukazunguka kama kuku aliyekatwa,
Wakesho akicheka, mimi nikipiga kelele kushoto, kushoto,
hadi ufuo ukawa mwembamba
na vibao vikawa vyeupe tu, havisomeki.

Nilipogeuka, yule mwanamke alikuwa ameketi juu ya jiwe,
mkono mmoja usoni.
Sijui alikuwa akikinga jua au akipiga simu.
Leso ililowa mfukoni. Jioni, nikivua suruali,
nilikuta namba imehamia pajani,
buluu, imegeuka kinyume, mstari mmoja tu umebaki.